Vidonge Vyote kwa Mkupuo Mmoja

Kidonge cha tezi ya koo ni kidogo, cheupe, hakina harufu wala ladha ya kumkunjisha mtu uso. Katika miaka thelathini na mbili niliyokaa nyuma ya dirisha la dawa, hapa pwani ya kusini, hakuna dawa iliyonifanya niwashuku watu bila haki kama hiyo. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii sasa kwa sababu nanyi mtawashuku watu. Ni sehemu ya kazi. Mtu asiyeshuku hafai kukabidhiwa ufunguo wa kabati la dawa. Lakini kushuku kuna mpangilio wake, na mimi niliuanza mwisho nikauacha mwanzo.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Karisa, alishuku kila kitu. Katoni mpya ikifika aliinusa kabla ya kuifungua. Mgonjwa akisema, "Nimemeza zote," yeye husema, "Lete kopo." Kopo likiletwa tupu, huuliza lilimwagwa wapi. Tulimcheka sana. Siku moja aliniita kando akaniambia, "Omari, mdomo hujibu upendavyo. Wewe uulize mkono. Usimwambie mgonjwa akusimulie anavyomeza dawa, mwambie akuonyeshe." Niliitikia kwa kichwa, kisha nikayasahau maneno hayo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Niwaeleze kwanza dawa yenyewe, maana nyinyi mmefundishwa kwa majina marefu. Mbele ya koo pana tezi inayotengeneza homoni ya kuuendesha mwili. Tezi ikilegea, mtu huona baridi hata Februari, mwezi ambao mbuzi wa Ukunda hugombea kivuli cha vibanda. Huchoka, hunenepa bila kula, nywele humtoka, sauti huwa nzito, na mwanamke huenda akashindwa kushika mimba au kuitunza. Levothairoksini ni homoni ile ile, tunamrudishia mtu kile ambacho mwili wake umeshindwa kutengeneza. Hupimwa kwa mikrogramu, kiasi kidogo mno, kwa hiyo kosa dogo ni kosa kubwa. Nayo huchagua tumbo: yataka tumbo tupu, maji matupu, na chai ingoje nusu saa hadi saa nzima. Chai ya maziwa na mahamri vikitangulia, nusu ya dawa imepotea.

Halafu kuna kipimo cha damu kiitwacho TSH. Wageni wote hukisoma kinyume. Hicho ni ukelele wa ubongo ukiiamsha tezi. Dawa ikipungua mwilini, ukelele hupanda. Ikitosha, hutulia. Wala usikimbilie kupima baada ya wiki moja. Ukibadilisha kiasi, mwili wataka kama wiki sita kutulia. Kwa mjamzito madaktari hupima kila wiki nne, kwa sababu mtoto hangoji.

Na hapo ndipo anapoingia Riziki.

Riziki alikuwa mkulima wa mwani kule Kibuyuni, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye vidole vilivyokauka kwa kufunga kamba majini. Alitufikia mara ya kwanza baada ya kupoteza mimba ya miezi mitano. Akapimwa, tezi ikaonekana imelala. Akaanzishiwa dawa, ikapandishwa kidogo kidogo hadi mikrogramu sabini na tano, na kwa mwaka mzima kipimo chake kilitulia. Siku moja aliniambia dirishani, "Bwana Omari, nimerudi kuwa mtu." Baadaye kidogo akaja na habari kwamba ana mimba tena.

Daktari wake, Mutinda, kijana wa bara mwenye haraka na moyo mzuri, alifanya ilivyopasa. Alipandisha dawa siku ile ile hadi mia moja, kwa kuwa mjamzito huhitaji zaidi, na miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama kukuza ubongo wake. Baada ya wiki nne kipimo hakikushuka. Kilipanda. Akaongeza hadi mia na ishirini na tano. Wiki nne tena, kikapanda zaidi. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nne, na Riziki alikuwa ameanza kuvimba uso na kusinzia akiwa ameketi kwenye benchi.

Mutinda alikuja dirishani na faili mkononi. "Bwana Omari, huyu mama hamezi dawa. Nipandishe mpaka wapi? Mia na hamsini? Mia mbili?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Niachie mimi."

Nilianza na dawa. Nilitazama tarehe ya kuharibika, nikakagua katoni, nikawauliza wagonjwa wengine watatu waliochukua kutoka katoni hiyo hiyo. Wote salama. Nikamwambia Riziki aje na vidonge vyote vya tezi vilivyobaki. Alikuja navyo katika kopo kavu lenye kifuniko, vizuri kabisa, nikavihesabu mbele yake. Vilitimia. Hakikupungua hata kimoja, hakikuzidi hata kimoja. Hilo badala ya kunituliza likanikera. Mtu wa kawaida husahau siku mbili tatu kwa mwezi. Hesabu iliyonyooka hivyo ni ya malaika au ya mtu anayetupa kimoja kila siku.

Kila alipokuja, Riziki aliandamana na mavyaa yake, yaani mama mkwe, Bi Mejumaa. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye sauti ya kuamrisha. Kopo la vidonge alilibeba yeye, limefungwa katika pindo la leso.

"Riziki," nikauliza, "vidonge wavimeza?"

"Avimeza," akajibu Bi Mejumaa.

"Nimemuuliza yeye, mama."

"Nawe umejibiwa."

Mutinda naye alikuwa na shaka yake. Alisoma mahali kwamba mwani una madini joto, yaani iodini, na madini hayo yakizidi yanaweza kuivuruga tezi. Akatoka chumbani kwake, akamwinamia Riziki. "Mama, hii mwani munalima, huwa unakula?"

Riziki akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Daktari, mwani twauza. Wako watiao kwenye sabuni, wako wafanyao sharubati. Mimi nikishatoka majini sitaki hata kuuona."

"Mkataze na bahari," akasema Bi Mejumaa. "Chumvi isije ikampandia kwa miguu."

Foleni nzima ikaangua kicheko, Mutinda akarudi chumbani masikio yakiwa moto. Walipoondoka, mama mmoja kwenye benchi akanong'ona, nami nikasikia: "Yule mzee hamtaki mkaza mwanawe. Ataka mwanawe aoe mwingine, mwenye kizazi." Maneno ya foleni ni ya kupitisha muda, vijana wangu, hayafai kuandikwa kwenye faili. Mimi sikuyaandika, lakini niliyameza. Usiku ule mawazo yalinipanga mstari: kopo liko kwake, majibu yako kwake, mimba ya kwanza ilipotea nyumbani kwake. Nikaona nimeshampata mwenye makosa.

Ijumaa iliyofuata nililala kwa shemeji yangu Shimoni. Asubuhi, watu walipotoka kuswali, nikapanda pikipiki hadi Kibuyuni. Sikumwambia mtu. Nilitaka kuwakuta kama walivyo.

Nilipiga hodi. "Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba. Umepotea njia au umetumwa?"

"Nimepita kuwajulia hali."

"Alfajiri?" Akanitazama toka viatu hadi kofia. "Haya, karibu. Umekuja saa ya dawa. Keti pale, usizungumze."

Riziki alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, uani. Hapakuwa na moto, hapakuwa na chai, hapakuwa na harufu ya chakula. Bi Mejumaa alifungua pindo la leso, akatoa makopo mawili. Akamwagia katika kiganja cha mkaza mwanawe vidonge vyeupe viwili, kimoja cha mia na kimoja cha ishirini na tano, kisha kimoja chekundu, kile cha kuongeza damu anachopewa kila mjamzito kliniki. Akampa bilauri ya maji.

"Meza."

Riziki akatia vyote mdomoni mara moja, akanywa.

"Fungua. Inua ulimi." Bi Mejumaa akachungulia mdomoni kama anayetafuta sindano iliyoanguka. "Vizuri." Akachukua kipande cha mkaa, akachora mstari ukutani. Ukuta ule ulikuwa na mistari mingi, imepangwa saba saba.

Nilisimama bila kujua ninasimama. "Mama, vyote kwa pamoja? Kila siku?"

"Kila siku."

"Nani amekufundisha hivi?"

Alinielekezea kile kipande cha mkaa. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo likinijia huweka chini nilichoshika. "Wewe."

Hapa lazima niwarudishe nyuma. Kabla ya kukalia dirisha la dawa zote, nilisimamia kwa miaka kadhaa dawa za kifua kikuu peke yake. Ugonjwa ule ulikuwa ukirudi kwa sababu watu walibagua vidonge: hiki kikubwa naacha, hiki chanichafua mkojo naacha. Tukazunguka vijijini tukihubiri jambo moja: dawa zote, kwa mkupuo mmoja, asubuhi kabla ya kula, mbele ya shahidi, na shahidi aweke alama. Niliyasema maneno hayo Tiwi, Msambweni, Shimoni, hadi watoto wakayafanya wimbo. Na kwa ugonjwa ule yalikuwa maneno ya kweli. Yaliponya watu.

"Nilikuwa nimebaki mifupa," akasema Bi Mejumaa. "Hukunitambua dirishani, nami sikukulaumu, mtu mwenyewe sasa ana nyama. Uliniambia nikiruka siku moja nitakufa. Mume wangu marehemu ndiye aliyekuwa shahidi. Nilipona. Huyu alipopoteza mtoto, nikaapa kwamba mara hii hakuna kidonge kitakachorukwa katika nyumba hii. Kuna tatizo gani?"

Nilikuwa nimekuja kumfumania mchawi, nikamkuta mwanafunzi wangu bora.

Sasa jaribuni nyinyi kumweleza mtu huyo. Nilimwambia kwamba kidonge chekundu kina chuma. Chuma na kidonge cha tezi vikikutana tumboni hushikana, na vikishikana mwili hauwezi kukichukua kile cheupe. Hupita hivyo hivyo hadi mwisho wa safari. Vyote viwili ni vya lazima, lakini vipishane kwa saa nne.

"Hadi mwisho wa safari wapi?"

"Chooni, mama."

Riziki akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Bi Mejumaa hakumtazama. Alinitazama mimi. "Yaani miezi miwili nalisha choo?"

"Si vyote. Lakini sehemu kubwa."

"Jana wasema pamoja, leo wasema mbalimbali. Kesho utasema nini? Nikuamini yupi, yule wa jana au huyu wa leo?"

"Ule ulikuwa ugonjwa mwingine."

"Mimi nitajuaje? Kidonge ni kidonge." Akaingia ndani, akatoka na bahasha mbili za karatasi zilizokunjwa vizuri, zile tunazotilia dawa. Akaniwekea mapajani. "Soma."

Niliziangalia. Ya kwanza: *kimoja cha mia, kimoja cha ishirini na tano, asubuhi.* Ya pili: *kimoja kwa siku, asubuhi.* Mwandiko ulikuwa wangu, kwenye bahasha zote mbili. Tangu siku kliniki ilipompa Riziki dawa ya damu, alikuwa akiichukua kwangu pamoja na ile ya tezi. Kila mara nilizitoa kwa mkono mmoja, nikaandika asubuhi mara mbili kwa kalamu moja, nikamwita anayefuata.

Mzee Karisa alinusa katoni, lakini sijui kama aliwahi kunusa mwandiko wake mwenyewe. Mimi sikuwahi. Tulishuku kiwanda, tukamshuku mgonjwa, mwani, na mavyaa. Aliyebaki alikuwa mimi, nami ndiye niliyepaswa kuanza naye.

"Hapa nimekosea," nikamwambia.

"Nimeona. Nilitaka uone wewe."

Hakukubali kubadilisha kitu siku ile. Alisema neno langu peke yake halimtoshi tena. Alimchukua Riziki tukarudi pamoja hospitali, akakaa mbele ya Mutinda na kunitaka nirudie kila neno, na daktari aseme kama ni kweli, kisha daktari aandike kwa mkono wake. Mutinda alinisikiliza, akaiweka kalamu chini. "Nami nilikuwa nataka kupandisha hadi mia na hamsini," akasema taratibu.

Hili mlishike vizuri, maana ndipo vijana wengi hujikwaa. Mkigundua kilichokuwa kikizuia dawa, msifurahi mkaacha kiasi cha juu kilivyo. Kiasi kile kilipandishwa kwa sababu dawa ilikuwa ikipotea. Ikiacha kupotea, ghafla mgonjwa anapata kupita kiasi. Nilimjua mpishi mmoja wa hoteli Diani aliyejiongezea vidonge hivi ili apunguze kitambi. Kitambi kilibaki, moyo ukawa unamdunda kama ngoma ya sengenya, mikono ikamtetemeka akajimwagia mchuzi. Kwa hiyo Mutinda alimrudisha Riziki kwenye mia moja, akapanga nyakati upya, akaagiza damu ipimwe baada ya wiki nne.

Nyakati zenyewe alizipanga Bi Mejumaa, si daktari. "Cheupe akiamka kuswali alfajiri. Chai baada ya mimi kumaliza kufagia ua, na ua wangu ni mkubwa. Chekundu adhuhuri, akishakula." Tukahesabu: zaidi ya saa nne. "Na Ramadhani ikitukuta?" Mutinda akanitazama mimi. Nikamwambia anayefunga aweza kuamka mapema, ameze cheupe kwa maji, angoje nusu saa hadi saa ndipo ale daku. Au akimeze anapokwenda kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula. Lakini mjamzito wa hali ile azungumze na daktari kwanza kabla ya kufunga. Bi Mejumaa alisikiliza, kisha akamgeukia Mutinda. "Ni kweli asemavyo?"

"Ni kweli, mama."

"Andika."

Wiki zile nne zilikuwa ndefu kwangu. Nilitoa daftari la dirisha, nikapitia majina ya wote wanaotumia dawa ya tezi. Niliwapigia simu, si kuwauliza kama wanameza, bali kuwaambia waje wanionyeshe wanavyomeza. Mmoja alimeza na dawa ya kiungulia. Mwingine na vidonge vya mifupa. Mmoja aliweka kopo juu ya jiko, mahali pa joto na mvuke, kusudi alione. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akidanganya. Tangu hapo sikuandika tena asubuhi peke yake. Niliandika saa, nikaandika na jina la kitu kisichopatana na dawa ile, na mgonjwa akanisomea kabla hajaondoka.

Damu ya Riziki iliporudi, kipimo kilikuwa kimeshuka. Si mpaka panapotakiwa, lakini kimeshuka. Wiki nne nyingine kikatulia. Uso ukarudi kuwa wake. Mutinda alitabasamu, mimi sikuweza. Miezi ya mwanzo, ile ambayo mtoto humtegemea mama kwa kila kitu, ilikuwa imepita na dawa nusu. Nilimuuliza Mutinda faraghani kama mtoto ameumia. Alijibu kwa ukweli, "Sijui. Huenda hakuumia hata kidogo. Tutamwangalia."

Mtoto alizaliwa wa kike, miezi yake ikiwa imetimia, na kilio cha kutosha. Riziki akarudishwa kwenye sabini na tano, maana baada ya kujifungua mahitaji hushuka, na damu ikapimwa tena wiki sita baadaye. Watu walinipongeza. Mimi niliendelea kumshuku mtoto yule. Kila alipoletwa chanjo nilitafuta sababu ya kupita: anafuata mwanga? Anageukia sauti? Ameketi mwezi upi?

Alipofika miezi tisa, wakamleta kwa chanjo ya surua, kisha wakapita kwangu kuchukua dawa za mama. Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Bi Mejumaa alimweka mtoto juu ya ukingo wa dirisha. Nilichukua kizibo cha chupa, nikakiviringisha mbele yake, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia. Akakifuata kwa macho. Akakiwahi kabla hakijaanguka, akakihamishia mkono wa pili, akakitia mdomoni. Nilipotaka kukichukua alinikunjia uso, akakifumbata kwa nguvu, akatamka jambo refu la kunigombeza katika lugha yake.

"Wamchunguza mjukuu wangu?" akauliza Bi Mejumaa.

Sikuwa na la kuficha. "Ndiyo, mama. Tangu azaliwe."

Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Riziki aliinamisha kichwa. Bi Mejumaa akamnyang'anya mtoto kizibo, akanirudishia.

"Mchunguze," akasema. "Mimi nakuchunguza wewe." Kisha akaisukuma kuelekea kwangu bahasha niliyokuwa nimempa sasa hivi, kidole chake juu ya mwandiko wangu. "Nisomee. Kwa sauti. Na usiharakishe, hawa watangoja."